Kuishi na kisukari: Kazi kubwa ipo nyumbani, si hospitalini

MWAKA mmoja una saa 8,760. Mgonjwa wa kisukari anayehudhuria kliniki mara moja kila mwezi na kuketi na daktari kwa nusu saa hutumia saa sita pekee za mwaka huo mbele ya mtaalamu.

Saa nyingine 8,754 hubaki yeye na sahani yake, dawa zake, viatu vyake na maamuzi yake. Ni katika saa hizo ambapo maradhi haya hudhibitiwa, au huachwa yakaharibu macho, figo, moyo na miguu.

Kisukari hakina tiba ya mara moja kama malaria. Hata hivyo, si hukumu ya kifo. Wapo wengi walioishi nacho kwa miongo kadhaa wakilima, wakifundisha, wakiendesha magari na kulea wajukuu, kwa sababu walijifunza mapema mambo ya kufanya kila siku na wakayashika.

Maradhi yanavyoanza

Vyakula vya wanga kama vile ugali, wali, chapati na viazi vikishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari iitwayo glukosi, ambayo huingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia katika seli za mwili kuwa nguvu, huhitajika homoni ya insulini inayotengenezwa na kongosho.

Insulini ni mithili ya ufunguo. Usipokuwepo, au kufuli likikataa kufunguka, sukari hurundikana katika damu huku mwili ukilia njaa.

Katika kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili hushambulia na kuua seli zinazotengeneza insulini. Aina hii huwapata zaidi watoto na vijana, na lazima wadungwe insulini kila siku ya maisha yao. Kabla ya insulini kugunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka wa 1921 na mgonjwa wa kwanza kudungwa Januari 1922, mtoto mwenye maradhi haya hakuwa na tumaini la kuishi muda mrefu.

Kisukari cha aina ya pili ndicho kilichoenea zaidi, kikichukua zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wote duniani. Hapa insulini ipo, lakini haitoshi au mwili hauitikii ipasavyo. Unene, hasa wa tumbo, kukaa bila kufanya mazoezi, umri na urithi wa familia huchangia pakubwa.

Ipo pia aina inayojitokeza wakati wa ujauzito. Mara nyingi hutoweka baada ya mama kujifungua, ila humwacha katika hatari kubwa ya kupata aina ya pili baadaye. Kwa sababu hiyo, anafaa kuendelea kupimwa.

Dalili ambazo hupuuzwa

Dalili kuu ni kiu isiyokatika, kukojoa mara kwa mara hasa usiku, njaa, uchovu, kupungua uzito, macho kuona ukungu na vidonda visivyopona upesi. Baadhi ya wanawake huwashwa sehemu za siri mara kwa mara, nao wanaume hupungukiwa na nguvu za kiume.

Tatizo ni kwamba kisukari cha aina ya pili kinaweza kukaa mwilini kwa miaka mingi bila kujitangaza. Utafiti wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu watu tisa kati ya kila kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Kwa watoto, hatari ni kinyume chake. Dalili za aina ya kwanza huja kwa kasi, na mtoto anayetapika, aliyelegea na kuhema huweza kudhaniwa ana malaria au homa ya matumbo. Mtoto aliyeanza ghafla kukojoa kitandani, anayekunywa maji kupita kiasi na kukonda, apimwe sukari siku hiyo hiyo.

Aidha, kisukari huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara mbili hadi tatu. Mwenye kisukari aliye na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili asikae nyumbani akinywa dawa za dukani.

Nambari za kukumbuka

Nchini Kenya sukari hupimwa kwa milimoli katika lita moja ya damu. Mtu aliyelala njaa akapimwa asubuhi na kupatikana na 7.0 au zaidi huhesabiwa kuwa na kisukari, ingawa asiye na dalili hupimwa tena ili kuthibitisha. Mwenye dalili ambaye sukari yake imefika 11.1 wakati wowote wa siku pia huhesabiwa kuwa nacho.

Kwa watu wazima wengi wanaotumia dawa, lengo ni sukari kuwa kati ya 4 na 7 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kuanza kula. Wazee na watu wenye maradhi mengine huweza kuwekewa viwango tofauti na daktari.

Kipimo kingine ni HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Wengi huombwa kukiweka chini ya asilimia 7. Kipimo hiki hakidanganyiki. Aliyejinyima chakula siku mbili kabla ya kliniki ili amfurahishe daktari atapatikana na sukari nzuri kidoleni, lakini HbA1c itasimulia habari za miezi yote.

Anayejipima nyumbani anafaa kunawa mikono kwa maji na kuikausha kwanza. Kidole kilichotoka kumenya embe huweza kutoa nambari ya kutisha isiyo ya kweli. Kudunga pembeni mwa ncha ya kidole huuma kidogo kuliko kudunga katikati.

Vijiti vya kupimia ni ghali, na si kila mtu anaweza kujipima mara nne kwa siku. Mgonjwa wa aina ya pili asiyetumia insulini anaweza kupanga siku chache za kujipima: leo asubuhi kabla ya kula, siku nyingine saa mbili baada ya chakula cha jioni. Nambari hizo ziandikwe katika daftari pamoja na alichokula, kisha daftari lipelekwe kliniki.

Sahani ya Mkenya

Hakuna chakula cha wagonjwa wa kisukari. Kilichopo ni chakula bora ambacho jamaa yote inafaa kula, na kiasi chake.

Njia rahisi ni kuigawa sahani kwa macho. Nusu iwe mboga kama vile sukuma wiki, mchicha, managu, kabeji au mrenda. Robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe protini kama vile maharagwe, ndengu, samaki, omena, mayai au kuku aliyeondolewa ngozi.

Katika nyumba nyingi hesabu hiyo imepinduliwa. Ugali huchukua sahani nzima na mboga zikawekwa kando kidogo za kuusindikizia. Si lazima mgonjwa auache ugali. Anachohitaji ni kuupunguza hadi kiasi cha ngumi yake, kisha ashibe kwa mboga.

Wengi wameambiwa waache ugali mweupe na kula wa wimbi au mtama. Nafaka hizo zisizokobolewa zina nyuzinyuzi na ni bora zaidi, lakini nazo ni wanga. Anayekula mlima wa ugali mweusi kwa kuamini kwamba hauna sukari hujidanganya. Vivyo hivyo kwa nduma, mihogo na viazi vitamu: ni vyakula bora kuliko mkate mweupe, ila kwa kiasi.

Mtego mwingine ni kuchanganya wanga na wanga. Mukimo huweza kuwa na viazi, mahindi na ndizi katika kijiko kimoja. Sahani ya harusini huwa na pilau, chapati na viazi pamoja. Mgonjwa achague kimoja. Kwenye githeri, maharagwe yazidi mahindi.

Mafuta na chumvi pia huhitaji kuangaliwa, kwa maana kisukari na shinikizo la damu aghalabu hutembea pamoja. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza chumvi isiyozidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikijumuisha ile iliyomo katika vyakula vilivyotengenezwa viwandani.

Chai, soda na matunda

Kwa Wakenya wengi, sukari huingia mwilini kwa kikombe. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja na vijiko vitatu, hutia mwilini vijiko 12, sawa na gramu 48 hivi. WHO hueleza kwamba ni vyema zaidi mtu mzima asizidi gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, hata akiwa mzima wa afya.

Kupunguza kijiko kimoja kila wiki humwezesha mtu kuizoea chai isiyo na sukari bila kuteseka. Tangawizi, mdalasini au iliki huipa ladha.

Chupa ya soda ya kawaida ya mililita 300 huwa na zaidi ya gramu 30 za sukari. Mwenye kisukari anafaa kuichukulia kama dawa ya kuokoa maisha sukari inaposhuka, wala si kinywaji cha kukatia kiu. Asali nayo ni sukari, iwe imetoka Baringo au Kitui.

Matunda yanaruhusiwa. Chungwa moja, kipande cha papai au nusu ya embe dogo huliwa bila wasiwasi mkubwa. Kinachodhuru ni sharubati, kwani glasi moja hukamuliwa kutoka kwa machungwa matatu au manne, na nyuzinyuzi za kuchelewesha sukari zikatupwa.

Pombe ina hatari mbili. Bia na vileo vitamu huongeza sukari, lakini pombe pia huzuia ini kutoa sukari ya akiba. Anayelewa bila kula huku akitumia insulini au vidonge vya kushusha sukari huenda asiamke asubuhi.

Mwili unaotembea

Misuli inayofanya kazi huichukua sukari kutoka kwa damu. Kwa sababu hiyo, mazoezi ni dawa isiyouzwa.

Inapendekezwa mtu mzima afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kushuka matatu kituo kimoja kabla ya nyumbani, kulima, kuteka maji au kupanda ngazi badala ya lifti, vyote huhesabiwa. Matembezi ya dakika 10 au 15 baada ya chakula cha jioni husaidia kuzuia sukari isipande.

Anayetumia insulini apime kabla ya kazi nzito na abebe kitu kitamu mfukoni. Mwenye kidonda mguuni aulize kwanza ni mazoezi gani yanayomfaa.

Dawa na sindano

Metformini ndiyo dawa ambayo wagonjwa wengi wa aina ya pili huanzishiwa. Huliwa pamoja na chakula ili kupunguza kichefuchefu na kuhara, matatizo ambayo kwa wengi hupungua baada ya wiki chache. Hivyo basi, si vyema kuiacha siku ya tatu.

Dawa kama vile glibenklamidi hulazimisha kongosho kutoa insulini zaidi. Anayezitumia akiruka chakula huweza kushukiwa na sukari ghafla. Kosa la kawaida ni mtu kumeza vidonge asubuhi, kisha akakaa hadi alasiri bila kula kwa sababu ya shughuli.

Mgonjwa wa aina ya pili anapoanzishiwa insulini, wengi katika familia huona kwamba mwisho umekaribia. Hilo si kweli. Kongosho huchoka kadiri miaka inavyosonga, na insulini huchukua nafasi ya kile ambacho mwili hauwezi tena kutengeneza.

Insulini hudungwa chini ya ngozi, hasa tumboni au pajani, na mahali pa kudunga pabadilishwe kila mara ili pasivimbe. Sindano isitumiwe na watu wawili hata kama ni mume na mke. Zilizotumika zitiwe katika chombo kigumu chenye kifuniko na zirudishwe kituo cha afya badala ya kutupwa jaani ambako watoto huchezea.

Insulini ambayo haijafunguliwa huhifadhiwa kwa friji, katika nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu kwani ikiganda huharibika. Iliyofunguliwa hutumika kwa takriban wiki nne ikiwa mahali penye kivuli.

Wasio na friji hawafai kukata tamaa. Utafiti wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka wa 2021, ulitumia viwango vya joto vilivyopimwa katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab. Ulionyesha kwamba insulini ilihifadhi nguvu zake kwa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Chungu kilicholoweshwa maji na kuwekwa kivulini hupunguza joto hilo. Kinachoiua insulini haraka ni jua kali, kama vile kuiacha ndani ya gari.

Sukari inaposhuka

Sukari ikiwa chini ya 4, mgonjwa hutetemeka, hutokwa na jasho jembamba, moyo humdunda na njaa humshika ghafla. Ikizidi kushuka huchanganyikiwa, huwa mkali bila sababu, huyumba na kuongea kama mlevi.

Hapa ndipo maisha hupotea kwa kutojua. Mtu aliyeanguka kituo cha matatu akiwa na jasho na maneno yasiyoeleweka huweza kupitwa na umati ukidhani amelewa. Kadi mfukoni au bangili inayosema kwamba ana kisukari huweza kumwokoa.

Tiba yake hutaka haraka. Akiwa anaweza kumeza, apewe vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari. Asubiri dakika 15, apime tena na kurudia iwapo bado iko chini ya 4. Baada ya kupata nafuu ale chakula ili isishuke tena.

Aliyezirai asitiwe chochote mdomoni kwani kitampalia. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitalini. Aliyeshukiwa kwa sababu ya glibenklamidi anafaa kuangaliwa na wahudumu wa afya hata akiamka, kwa maana dawa hiyo hukaa mwilini na sukari huweza kushuka tena baada ya saa kadhaa.

Madereva na wahudumu wa bodaboda wanaotumia insulini au dawa hizo wapime kabla ya kushika usukani, na wasiendeshe sukari ikiwa chini.

Siku ya kuugua

Homa au maambukizi hupandisha sukari hata kama mgonjwa hali chochote. Kwa hiyo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache kamwe insulini kwa kisingizio kwamba hajala. Ajipime mara kwa mara na anywe maji mengi.

Akitapika mfululizo, akihema kwa kina na pumzi yake ikinuka kama matunda yaliyoiva mno, hiyo ni dharura isiyongoja mapambazuko. Naye anayetapika au kuhara sana akiwa anatumia metformini awasiliane na kituo cha afya, kwani huenda dawa hiyo ikahitaji kusitishwa kwa muda.

Miguu ichunguzwe kila jioni

Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu na kupunguza damu inayofika huko. Mgonjwa huanza kwa kuhisi ganzi au moto nyayoni, kisha hisia zikatoweka. Huweza kukanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni anapovua kiatu.

Kidonda hicho kidogo kisichouma ndicho huzaa donda ndugu, na donda ndugu huishia katika kukatwa mguu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kila jioni mgonjwa achunguze nyayo, visigino na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au amwombe mtoto au mjukuu amwangalilie. Anatafuta mkwaruzo, lengelenge, wekundu, uvimbe, ukucha ulioingia nyamani au funza.

Miguu ioshwe kwa maji ya uvuguvugu, na joto lake lipimwe kwa kiwiko wala si kwa mguu usiohisi. Ikaushwe vizuri katikati ya vidole. Mafuta yapakwe nyayoni na kisiginoni, ila si baina ya vidole. Kucha zikatwe moja kwa moja bila kuchimba pembe, na sugu zisikatwe kwa wembe.

Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata ndani ya nyumba. Shambani avae buti. Anayenunua viatu vya mitumba aepuke vilivyokwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine, na ni heri avijaribu jioni wakati miguu imevimba kidogo. Kabla ya kuvaa, akung'ute kiatu na kutia mkono ndani, kwani changarawe moja yatosha kuleta msiba. Wakati wa baridi asiote moto wa jiko miguu ikiwa karibu.

Kidonda chochote kioshwe na kufunikwa. Kikiwa na wekundu, usaha, harufu au weusi, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Mvutaji wa sigara anayetaka kubaki na miguu yake ana sababu nyingine ya kuiacha.

Kufunga na ibada

Kila Ramadhani, Waislamu wengi wenye kisukari kutoka Lamu hadi Garissa hukabiliwa na swali la kufunga. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na anayetaka kufunga azungumze na daktari wiki sita hadi nane kabla ili dawa na saa za kuzitumia zipangwe upya. Wenye aina ya kwanza, wajawazito wenye kisukari na wagonjwa wa figo wamo katika hatari kubwa zaidi.

Wanazuoni wengi wanakubaliana kwamba kujipima damu hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6, inampasa kufungua mara moja bila kungoja magharibi. Daku iliwe mwisho kabisa wa usiku. Futari nayo ianze kwa maji na tende moja au mbili, huku kaimati na tambi za sukari zikionjwa tu.

Ushauri huo unawahusu pia Wakristo wanaofunga kwa maombi. Maombi hayagombani na dawa. Wanaozikwa mapema ni wale walioambiwa wamepona, wakatupa insulini.

Hali kadhalika, mitishamba kama vile mwarobaini haiwezi kuchukua nafasi ya insulini. Mgonjwa anayeitumia amweleze daktari, kwani baadhi ya mitishamba ikichanganywa na vidonge huweza kushusha sukari kupita kiasi au kuumiza figo.

Gharama na jamaa

Kisukari ni maradhi ya fedha pia. Bima ya kitaifa ya NHIF iliondolewa Oktoba 2024 na mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Mgonjwa ajisajili, kisha aulize katika kituo chake ni dawa na vipimo gani vinavyolipiwa kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Wahudumu wa afya ya jamii, ambao walikabidhiwa vifaa vya kazi na serikali Septemba 2023, hubeba mashine ya kupima sukari na shinikizo la damu katika ziara zao za nyumba kwa nyumba. Wasioweza kununua kifaa chao wawatumie hao.

Mzigo huwa mwepesi pale jamaa inapopika chungu kimoja. Mgonjwa anayepikiwa sukuma wiki kando huku wengine wakila chipsi hatadumu. Isitoshe, ndugu na watoto wake wana hatari zaidi ya kupata aina ya pili, na chungu hicho kimoja ni kinga yao.

Mwalimu ajulishwe kuhusu mwanafunzi anayedungwa insulini, na aruhusiwe kula na kwenda msalani wakati wa masomo. Mfanyakazi amwambie angalau mwenzake mmoja. Mwenye huzuni inayomfanya aache dawa asionewe haya, bali asaidiwe kupata ushauri, kwani maradhi yasiyo na likizo huchosha roho. Mficha maradhi kilio humfichua.

Ratiba ya mwenye kisukari

Kila siku: Kumeza au kudunga dawa kwa wakati, kula kwa kugawa sahani, kutembea, na kuchunguza miguu jioni.

Kila anapohudhuria kliniki: Kupima shinikizo la damu na uzito, kupeleka daftari la sukari, na kuvua viatu ili miguu itazamwe hata kama hakuombwa.

Kila miezi mitatu hadi sita: Kipimo cha HbA1c.

Kila mwaka: Kupima figo kwa mkojo na damu, kupima mafuta katika damu, kukaguliwa meno na ufizi, na kuangaliwa ndani ya macho na mtaalamu. Macho yaangaliwe hata kama yanaona vizuri, kwa sababu madhara ya kisukari huanza kabla ya ukungu kuonekana.

Kabla ya kushika mimba: Mwanamke mwenye kisukari amwone daktari mapema ili sukari iwe imetulia, na dawa zisizofaa wakati wa ujauzito zibadilishwe.

Dunia huadhimisha Siku ya Kisukari kila Novemba 14, tarehe aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini. Kwa mgonjwa, hata hivyo, siku hiyo haina tofauti na Novemba 15. Asubuhi kutakuwa na chai ya kutia au kutotia sukari, mchana sahani ya kugawa, na jioni miguu miwili ya kuchunguza. Haba na haba hujaza kibaba.